Otodidakti: maana ya kufanya ekzameni ya Leta wakati uko mutu muzima

Kama uko Lubumbashi na uliacha masomo katikati, kuko neno moja utalisikia tu siku moja: otodidakti. Batu banalitumia ovyo ovyo, bengine banafikiri ni jina ya opsio, ile tawi ya masomo mutu anachagua ku sekondari, bengine banasema ni masomo ya usiku ya bazee, na mama mudogo wangu yeye alifikiri ni jina banapatia mutu mwenye hakusoma. Iko na miaka 43, aliacha mu klasi ya ine ya sekondari juu ya mimba, leo anauzisha bitenge ku soko ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na mwaka huu aliniuliza hivi: "Mwanangu, ile diplome ya otodidakti ni diplome ya kweli ao ni ya kutuliza batu roho?" Niliona hata miye sina jibu ya sawasawa, nikaanza kutafuta na kuuliza, njo ninaandika hapa yenye nilielewa, juu najua hayuko peke yake.

Ni diplome ya kweli. Otodidakti ni mutu mwenye anajisomesha yeye mwenyewe, inje ya masomo, kisha anajiandikisha kufanya ekzameni ya Leta, maana yake ya serikali, ile banaita EXETAT, ileile yenye batoto ba klasi ya mwisho ya humanite, ndiyo sekondari, banafanya. Siku ni zile zile, maulizo ni ile ile, kufaulu ni kuanzia 50% kwa wote. Kuko tu kipimo kimoja cha kuchuja mbele, nitakieleza chini, lakini hakuna ekzameni ya kando ya batu bazima, hakuna karatasi ya daraja ya pili.

Na sababu yake ni nzuri kuijua. Tangu 1967 mu inchi yetu ya Kongo diplome ya kumaliza sekondari inapatikana kwa ekzameni ya Leta, moja kwa inchi yote, si kwa neno ya prefe, mukubwa wa masomo yako. Sasa kama Leta njo inapima, inaweza kupima pia mutu mwenye haikumuona mu klasi. Haikuulize ulikaa ku banki gani ya klasi, inakuuliza unajua nini. Hapo njo dhana yote imelala: njia ya kujifunza inaweza kuwa tofauti, lakini kipimo ni kimoja.

Mu inchi zingine banafanya ingine namna. Kama uko na ndugu mwenye alihamia Marekani labda ulishamusikia anasema "nilifanya GED". Ile ilianza 1942 kwa ajili ya baaskari, vijana benye baliacha masomo juu ya vita, Leta ikatafuta namna ya kupima kama bako na akili ya mutu mwenye alimaliza sekondari bila kubarudisha mu klasi pamoja na batoto. Leo iko na sehemu ine, hesabu, luga, sayansi na maarifa ya jamii, kila sehemu inahesabiwa kutoka 100 mpaka 200 na kufaulu ni 145. Lakini angalia tofauti: kule karatasi unapata si ile ya masomo, ni ingine yenye inahesabiwa kuwa na uzito sawa. Ufaransa nako kuko diplome banaita DAEU tangu 1994, kwa batu benye hawana bakalorea, diplome yabo ya kumaliza sekondari, na banataka kuingia univerisite. Tanzania iko karibu zaidi na sisi, mutu mwenye hakupitia sekondari anafanya kwanza mtihani wa kupimwa, banauita QT, akifaulu njo anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne sawa wengine.

Hapa kuko mutego moja na naomba usome polepole, juu mama mudogo alipoteza siku mbili mu foleni kwa hii tu. Batu ba inje banaita ile mitihani "ya ekivalansi". Lakini kwetu ukienda ku ofisi ukasema unatafuta ekivalansi, banaelewa kintu ingine kabisa: banaelewa kama ulisoma inchi ingine na unataka Leta yetu itambue karatasi yako. Hiyo ni ya mutoto mwenye alivuka mupaka ya Kasumbalesa akasoma Zambia mpaka gredi ya 12 kisha akarudi. Kama wewe uliacha masomo hapa hapa, usiseme ekivalansi. Sema: "nataka kujiandikisha sawa otodidakti". Mama mudogo alisema lile neno lingine, bakamutuma ku giche (dirisha ya ofisi) ya kwanza, ku ya pili, kesho yake tena, mpaka mutu mumoja wa huruma akamuuliza, mama, wewe ulisoma wapi?

Sasa kazi yenyewe. Otodidakti anapita kwanza mu kipimo cha kuchuja, banaita preliminere, na hiyo batoto ba masomo hawaifanye. Usiione kama ni matusi, juu wale batoto balishapimwa mara mingi na bafundishaji babo, wewe hakuna mwenye anakujua. Ukivuka hapo unaingia orsesio, sehemu yenye inafanywa mbele ya sesio yenyewe, ambamo muko disertasio (insha) ya Kifaransa, na kwa opsio za ufundi muko na kazi ya mikono mbele ya bapimaji. Kisha sesio yenyewe, siku ine: utamaduni wa jumla, sayansi, luga, na masomo ya opsio yako. Zile siku ine ni itemu, maulizo yenye majibu imeandikwa tayari, unachagua moja.

Batu banasikia "unachagua jibu" banafikiri ni mwepesi. Miye naona itemu njo inaangusha batu bazima kuliko disertasio, na sababu ni Kifaransa. Mama mudogo anaweza kukuhesabia faida ya balo nzima ya bitenge, atoe transporti, atoe taksi ya soko, atoe zenye alikopesha na hazitarudi, yote mu kichwa na hakosee hata falanga moja. Lakini muwekee ileile hesabu kwa Kifaransa ya kitabu, na maneno sawa amortisema na aktifu na pasifu, na majibu matano yenye inafanana, ule musipa wote wa akili unasimama. Si akili njo ilikosekana, ni luga ya kuulizia. Kwa hiyo kama unaanza leo, usianze na kukariri masomo ya siyansi, anza na kusoma Kifaransa kila siku, gazeti, karatasi ya dawa, barua ya masomo ya mutoto, chochote, na baada ya hapo tafuta itemu za miaka ya nyuma na uzifanye huku unaangalia saa. Maulizo utazizoea, si kwa sababu zinarudia, ni kwa sababu namna ya kuuliza inarudia.

Opsio nayo uichague na akili, si na moyo tu. Mama mudogo alitaka ukataji na ushonaji juu anapenda nguo, nikamukumbusha kama kuna kazi ya mikono ya kuonyesha na yeye anauzisha tu, hajashona tangu utoto. Akachagua komersiale, ya biashara. Mwenye alifanya miaka kumi ya umeme mu kampuni ya mugodi bila karatasi, yeye achague umeme, mikono yake inajua tayari. Mwenye alisoma pedagojia, ya ualimu, mpaka klasi ya tano asibadilishe bila sababu. Na kama uko na buletini zako za zamani, zile karatasi za alama, hata zenye panya ilikula pembeni, zitunze, kisha enda uulize ku enspeksio yenyewe, ofisi ya Leta yenye inakagua masomo, karatasi gani banaomba na siku gani ya kujiandikisha inafungwa, usisikilize batu ba njiani.

Juu batu ba njiani ndio hatari kubwa. Mumoja alimwambia mama mudogo alipe, jina yake itaonekana mu orodha ya waliofaulu bila kukaa hata siku moja. Nilikasirika sana kusikia ile, juu yeye anaamka saa kumi ya usiku kutafuta ile falanga. Diplome ya namna ile ukiifikisha ku univerisite ao ku kampuni kubwa banaweza kuuliza Leta kama jina yako iko, na siku ile utapoteza kazi na heshima pamoja. Hapana. Heri uanguke mara mbili na urudie.

Watu banauliza, kwa nini kuko bengi namna hii benye hawakumaliza? Masomo ya musingi katiba inasema ni bure, artikle ya 43, na tangu mwezi wa tisa 2019 Leta ilianza kweli kuitekeleza. Sekondari bado ni minervali, pesa ya masomo yenye mzazi analipa. Wazazi wakiwa na batoto sita, mumoja anasoma, mwingine anangoja, kisha anaolewa ao anaingia mu mugodi. Hawakuwa bavivu. (Kwa mwenye hakumaliza hata masomo ya musingi, njia ni ingine na ni ndefu zaidi, kuko masanta (vituo) ya kurudisha batoto na vijana ku masomo, banafanya miaka sita kwa miaka mitatu, na bakubwa bako na masanta ya kujifunza kusoma na kuandika. Hiyo nitaandika siku ingine.)

Kitu chenye kinasumbua mama mudogo zaidi si hesabu, ni haya. "Nitakaa na batoto ba rika ya mutoto wangu, banicheke?" Kweli utakaa nabo. Lakini siku ile kila mutoto iko na woga yake, hakuna mwenye anaangalia uso ya mwenzake, na matokeo ikitoka, ku telefone, ku redio, poda inamwagwa ku kichwa ya kila mwenye alifaulu bila kuuliza miaka yake.

Binti yake iko klasi ya tano ya sekondari. Jioni, mama akirudi soko, banakaa meza moja, mutoto anasahihisha disertasio ya mama, mama anamusaidia hesabu. Siku ya mungu moja mama mudogo aliniletea disertasio tatu nisome. Ya kwanza ilikuwa na makosa 11 mu ukurasa moja, ya tatu ilikuwa na makosa ine, na ile ya tatu aliandika juu ya bei ya bitenge.