Kila samaki atataga wapi?

"Fundi, samaki wako wanauana." Ni mteja wangu wa Tabata, Jumapili usiku. Wakipendeza huwa samaki wake. Wakianza kung'atana wanakuwa wangu, ingawa hawa hata hakununua kwangu.

Asubuhi nikaenda. Tangi la kioo la samaki wa mapambo, lita 240, urefu sm 120, mawe yamepangwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Juu kabisa kwenye pembe, nyuma ya bomba la chujio, samaki saba wamejibana, mapezi yamechanikachanika. Chini nafasi ilikuwa tele, lakini kila aliyejaribu kushuka alirudishwa mbio na wawili tu: Neolamprologus brichardi, samaki mwembamba wa Ziwa Tanganyika, rangi ya chai ya maziwa, mkia wenye ncha mbili ndefu. Nikawasha tochi ya simu, nikamulika kati ya mawe. Vifaranga. Kama arobaini hivi, kila kimoja punje ya mchele, na pembeni yao kaka zao waliokwisha kufika sm 2, nao wako zamu.

Hapo sikuhitaji kuuliza zaidi. Kwa samaki hao watoto wakubwa hubaki nyumbani kulea wadogo zao, kwa hiyo kila uzao unaongeza walinzi. Miezi sita walikaa kwa upole. Walipopata mayai, tangi lote likawa kwao.

"Lakini aliyeniuzia alisema wanaendana."

Walikuwa wanaendana kweli. Samaki wachanga wengi wanaendana. Ugomvi unaanza wakishakuwa wakubwa. Ndiyo maana mtu akinionyesha orodha ya samaki anaowataka, namuuliza kwanza: kila mmoja atataga wapi?

Nimekulia Kigoma. Ukipiga mbizi na miwani kwenye mwambao wa mawe wa Ziwa Tanganyika unaona kabisa kwamba mle chini kuna mitaa. Sikilidi, hao jamaa wa perege na sato, wamo zaidi ya aina 200, na karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Kuna wasiotoka kwenye nyufa za mawe, kuna wanaoishi ndani ya maganda matupu ya konokono, kuna wanaokaa juu kwenye maji wazi. Tangi zuri la mchanganyiko ni lile lenye mitaa hiyo.

Basi tangi la mteja tukalipangua. Ukoo wa brichardi ukahamia tangi lake. Mawe nikayatoa yote, nikayarundika upande wa kulia tu, yakikaa moja kwa moja juu ya kioo, mchanga ukamwagwa baadaye. Ukianza na mchanga, wachimbaji watachimbua chini ya jiwe, na siku moja utasikia kishindo. Kwenye mawe nikaweka jozi ya Julidochromis, ambao hutaga kwenye ufa. Katikati nikaacha mchanga mtupu, kama sm 40. Mteja aliona ni uwanja wa bure. Kwa samaki mdogo ule ndio mpaka: ziwani, anayekatiza mahali peupe ndiye anayeliwa, kwa hiyo hakatizi ovyo.

Kushoto nikamwaga maganda thelathini ya konokono, kwa ajili ya Neolamprologus multifasciatus. Dume lake halifiki sm 5. Mtazame akifanya kazi: anazamisha kichwa mchangani, anajaza mdomo, anaogelea hatua chache, anatema. Anarudi. Kufikia jioni ganda limezama, umebaki mlango tu, usawa wa mchanga. Jike hutaga humo ndani. Hasira zake zinaishia karibu na mlango wake. Ukimpita mbali kidogo hana habari na wewe. Cha msingi maganda yazidi samaki, tena kwa mbali, la sivyo ni vita vya nyumba.

Juu wakaingia Cyprichromis leptosoma kumi. Hawa hawadai hata kipande cha sakafu, kwani jike huyadaka mayai yakiwa bado yanazama na kuyalea mdomoni kama wiki tatu. Ila wanaruka. Tangi lisilo na kifuniko, utawaokota sakafuni.

Mteja alitaka pia ngogo wa madoadoa, Synodontis multipunctatus. Huyu ukimuuliza atataga wapi, jibu ni kinywani mwa mwenzake. Sikilidi anayelea mdomoni akiwa anataga chini, ngogo anapenyeza mayai yake katikati. Mama anayaokota yote, na vifaranga vya ngogo vinaanguliwa mapema na kuwala watoto wa mwenye mdomo. Namheshimu kwa ujanja, lakini nilimkataa.

Kuhusu maji nitasema machache. Ya Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, pH (kipimo cha asidi) kama 8.6 hadi 9.2, joto nyuzi 24 hadi 27. Kwa hiyo usimwingize humo samaki neoni wa Amazon, aliyezoea maji laini yenye asidi. Dar es Salaam shida huwa joto: mimi huweka feni ipulize juu ya maji. Ugumu naupata kwa mawe ya chokaa ya nchi kavu (matumbawe ya baharini yaache baharini). Dondoshea ndimu, likitoa povu ni lenyewe. Ila ujue, kwenye pH 9 theluthi nzima ya amonia, ile taka ya samaki, iko katika hali ya sumu, wakati kwenye pH 7 haifiki asilimia moja. Umeme ukikatika chujio likalala, tangi hili halikupi muda. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua samaki.

Na chakula. Hapo niliungua mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilichanganya Tropheus kumi na wanne na samaki wala nyama, wote nikiwapa uduvi. Mahali pa kutagia hawakugombania kabisa. Lakini Tropheus ni mla ukoga wa mawe, utumbo wake mrefu. Baada ya siku chache mmoja akaacha kula, tumbo likavimba, kinyesi kikawa uzi mweupe. Nilizika tisa. Siku hizi Tropheus nawaweka kivyao.

Tangi la Tabata lina miezi minne sasa, na hakuna aliyejibana pembeni. Juzi mteja kanipigia tena: ameona kuhe mchanga mahali, sm 6, mzuri ajabu. Nikamwambia kuhe ndiye sikilidi mkubwa kuliko wote wa Ziwa Tanganyika, anapita sm 60, na wale wa kwenye maganda watakuwa kifungua kinywa chake. Halafu nikamuuliza swali langu: atataga wapi?

Akanyamaza kidogo. "Kwani fundi, lazima atage?"