Raba za toleo maalumu kutoka ng'ambo: bei ya kwenye skrini na bei ya mlangoni

Mwezi Septemba 2023, Tigist Assefa wa Ethiopia alimaliza marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53, rekodi ya dunia ya wanawake kwa wakati huo, akiwa amevaa raba za Adidas zenye uzito wa gramu 138 kila mguu. Siku chache baadaye raba hizo, Adizero Adios Pro Evo 1, ziliingia sokoni. Zilikuwa jozi 521 tu kwa dunia nzima, na kila jozi iliuzwa dola 500 za Marekani. Aliyezikosa siku hiyo na hakutaka kusubiri alibaki na njia moja, nayo ni kuzinunua kwa mlanguzi kwa bei aliyojipangia mlanguzi mwenyewe.

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la elimu kwa walaji hawakuja kwa ajili ya raba ghali kiasi hicho, lakini tatizo lao ni lilelile. Wanashindana na saa. Droo, yaani bahati nasibu ya kupata nafasi ya kununua, hufunguliwa kwa dakika chache, kidole kinabonyeza, fedha zinatoka kwenye kadi, na maswali kuhusu njia ya kiatu kufika Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa huanza baada ya malipo. Ushauri wetu ni kwamba hesabu yote ifanywe kabla ya siku ya droo, mtu akiwa ametulia na ana kalamu mkononi.

Jambo la kwanza ni anwani. Maduka mengi ya Marekani na Ulaya yanayouza matoleo haya hayasafirishi mizigo hadi Afrika Mashariki, kwa hiyo mnunuzi hukodi anwani ya wakala wa kupokea na kusafirisha mizigo. Mawakala wengi wa Marekani huweka maghala yao Delaware au Oregon, majimbo yasiyotoza kodi ya mauzo, na hapo mteja huokoa fedha kweli. Hata hivyo, baadhi ya maduka yanaeleza wazi katika masharti yao kwamba hayapeleki mzigo kwa mawakala wa aina hii, na mitambo yao inazitambua anwani hizo kwa kuwa maelfu ya watu wanatumia jengo moja na kutofautiana kwa namba ya mteja tu. Oda inaweza kufutwa saa chache baada ya ushindi wa droo. Vilevile duka hulinganisha anwani ya kadi na anwani iliyoandikwa kwenye oda. Kadi ya benki ya hapa nyumbani, au ile kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia huduma ya fedha kwa simu, haina anwani ya Delaware, na malipo hukataliwa bila maelezo. Mwenye ndugu anayeishi huko na mwenye kadi ya huko ana njia fupi zaidi, mradi ndugu huyo akubali kwa ridhaa yake kwamba oda, risiti na dhamana vitakuwa kwa jina lake.

Jambo la pili, ambalo huwashangaza watu kuliko yote, ni boksi. Kampuni za usafirishaji wa vifurushi kwa ndege hulinganisha uzito wa mizani na uzito wa ujazo, kisha hutoza ule ulio mkubwa. Uzito wa ujazo, kwa kampuni nyingi, hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 5,000. Chukua boksi la kawaida la raba lenye sentimita 35 kwa 25 kwa 13. Jibu ni kilo 2.3 hivi, ilhali mizani inaweza kusoma kilo 1.3. Sasa liweke boksi hilo ndani ya katoni la nje la sentimita 40 kwa 30 kwa 18 ili lisibondeke: ujazo unapanda hadi kilo 4.3. Mteja analipia kilo 3 za hewa. Mwenye nia ya kuvaa tu anaweza kumwomba wakala atoe boksi na kuzifunga raba kwenye mfuko mgumu. Mwenye nia ya kuuza baadaye asifanye hivyo, kwa kuwa jozi isiyo na boksi lake huporomoka bei.

Tukija kwenye forodha, kosa kubwa ni kudhani kwamba kodi hukokotolewa kwa bei ya dukani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huanza na bei iliyolipwa kweli na mnunuzi. Raba iliyotoka dukani kwa dola 180 lakini wewe ukainunua kwa mlanguzi kwa dola 600, thamani yake forodhani inaanzia dola 600. Kiwango cha ushuru hutegemea pia kiatu kimetengenezwa kwa nini: sehemu ya juu ikiwa ya ngozi, ya kitambaa au ya plastiki, kila moja ina kifungu chake katika Sura ya 64 ya kitabu cha ushuru. Tangu tarehe 1 Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi nne, yaani 0, 10, 25 na 35 kwa mia, hivyo muulize wakala wa forodha kifungu cha kiatu chako kabla ya kulipa.

Kwa mfano, tuseme thamani iliyokubaliwa ni dola 200 na ushuru ni asilimia 25. Ushuru ni dola 50. VAT ya Tanzania, asilimia 18, haikokotolewi kwenye 200 bali kwenye 250, nayo inatoa dola 45. Tayari umefika dola 295, bila kuhesabu tozo nyingine ndogo, ada ya wakala na ya ghala. Kama kifungu ni cha asilimia 35, utafika karibu dola 319. Nchini Kenya, ambako VAT ni asilimia 16, hesabu hupungua kidogo tu.

Ndipo huja kishawishi cha kumwambia muuzaji aandike kwenye ankara dola 40, au aandike neno «zawadi». Tunasema bila kuzunguka: hilo ni tamko la uongo, na kifungu cha 203 cha sheria hiyo kinataja kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Kuna hasara nyingine isiyosemwa sana. Kijana mmoja alitufikia na kifurushi kilichopotea njiani. Ankara ilisema dola 40, raba zilimgharimu zaidi ya mara kumi ya hizo, naye akafidiwa dola 40, sawasawa na karatasi aliyoiomba mwenyewe.

Kuhusu raba feki, mnunuzi asijipe moyo kwa sababu tu soko limeweka alama ya uhakiki. Katika kesi iliyofunguliwa na Nike mwaka 2022 dhidi ya StockX, soko kubwa la mtandaoni ambako watu huuziana tena raba, lenye makao Detroit, mahakama ya New York iliamua Machi 2025 kwamba StockX iliwajibika kwa jozi 37 bandia zilizopita mikononi mwake. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa maana bidhaa bandia za kila aina zimo katika orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa katika Jumuiya. Mzigo ukizuiwa, kusema kwamba hukujua hakuurudishi. Tanzania Bara suala hilo huwa chini ya Tume ya Ushindani, na Kenya lina mamlaka yake ya kupambana na bidhaa bandia.

Saizi nayo inahitaji uangalifu, kwani kurudisha kiatu ng'ambo ni kulipa nauli mara ya pili. Kwa raba za wanaume, namba 9 ya Marekani ni 8 ya Uingereza kwa Nike, lakini ni 8 na nusu kwa Adidas. Pima mguu kwa sentimita jioni, ukiwa umesimama, kisha tumia kipimo cha sentimita kilichoandikwa kwenye lebo ya ndani ya ulimi wa kiatu.

Mwisho ni kwa wanaotafuta matoleo ya zamani ambayo hayajawahi kuvaliwa. Soli za kati za poliurethani, aina ya plastiki laini kama sponji, huvunjwa taratibu na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimelala kwenye boksi, na joto la Pwani huharakisha jambo hilo. Mwombe muuzaji video akibonyeza soli kwa kidole gumba pande zote mbili, na ukiona inamomonyoka kama biskuti, acha fedha zako zilipo.