Kustaafisha Namba ya Jezi katika Besiboli: Maana Yake na Mfano wa Namba 42

Katika besiboli ya Marekani, namba ya jezi hustaafishwa pale klabu inapoamua kwamba namba aliyoivaa mchezaji wake mmoja mashuhuri haitapewa tena mchezaji mwingine wa klabu hiyo. Uamuzi hutangazwa uwanjani, kwa kawaida kabla ya mchezo na mbele ya mwenyewe kama bado yu hai, na kuanzia hapo namba hiyo huwekwa mahali pa kudumu ambapo kila aingiaye uwanjani ataiona. Mchezaji mgeni akisajiliwa naye alikuwa akiivaa namba hiyo hiyo huko alikotoka, hana budi kutafuta nyingine.

Heshima hii haitolewi na chombo kimoja wala haina masharti ya pamoja, maana kila klabu hujiamulia. Ndiyo maana inatofautiana na kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa ulioko Cooperstown, jimbo la New York, ambako mchezaji husubiri miaka mitano baada ya kustaafu na kisha kuhitaji asilimia 75 ya kura za waandishi wa habari za besiboli. Klabu haisubiri kura ya mtu. Hank Aaron, aliyepiga home run 755, yaani mipira inayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kupata alama, namba yake 44 ilistaafishwa na klabu mbili, Braves na Brewers, kwa kuwa alizichezea zote mbili.

Wa kwanza kupewa heshima hii katika ligi kuu alikuwa Lou Gehrig wa New York Yankees, aliyecheza michezo 2,130 mfululizo bila kukosa hata mmoja, mpaka ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliodhoofisha misuli yake ulipomtoa uwanjani mwaka 1939. Namba yake ilikuwa 4 kwa sababu iliyo nyepesi kabisa: Yankees walipoanza kuvaa namba mwaka 1929 waligawa kwa kufuata zamu ya kupiga, na Gehrig alikuwa mpigaji wa nne, nyuma ya Babe Ruth aliyepata 3. Tarakimu iliyotolewa kwa urahisi wa kumtambua mchezaji ikageuka kuwa mali ya mtu mmoja. Tangu namba 2 ya Derek Jeter ilipostaafishwa mwaka 2017, Yankees hawana tena namba ya kumpa mchezaji kati ya 1 na 9.

Lakini mfano unaoonyesha dhana hii kwa upana wake wote ni namba 42 ya Jackie Robinson. Tarehe 15 Aprili 1947, akiwa na Brooklyn Dodgers, Robinson alikuwa Mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kuu tangu miaka ya 1880, baada ya wenye klabu kuwafungia Weusi mlango kwa takriban miaka sitini bila hata sheria iliyoandikwa. Alitukanwa na mashabiki na wapinzani, alipokea barua za vitisho vya kuuawa, na alikuwa amekubaliana na Branch Rickey, kiongozi wa klabu aliyemsajili, kwamba asingejibu matusi kwa ngumi. Alijibu kwa mchezo: mwaka huo huo alichaguliwa kuwa mchezaji bora chipukizi, na mwaka 1949 kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Msimu wa 1956 ulipokwisha klabu ilimuuza kwa mahasimu wao, New York Giants, naye akastaafu badala ya kwenda. Dodgers, waliokuwa wamekwisha kuhamia Los Angeles, waliistaafisha namba yake Juni 1972, na Oktoba mwaka huo akafariki akiwa na miaka 53. Kwa maoni yangu walichelewa mno.

Mwaka 1997, miaka 50 kamili tangu siku ile ya Brooklyn, ligi ilifanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya: iliistaafisha 42 katika klabu zote, mjane wake Rachel Robinson akiwapo. Waliokuwa wakiivaa wakati huo, zaidi ya kumi, waliruhusiwa kuendelea nayo mpaka watakapoondoka. Wa mwisho alikuwa Mariano Rivera wa Yankees, mzaliwa wa Panama, mrushaji aliyekuwa akiingizwa mwishoni mwa mchezo kuulinda ushindi, kazi aliyoitimiza mara 652. Septemba 2013, katika mchezo wake wa mwisho nyumbani, hakuja kocha kumtoa kama ilivyo desturi. Walitoka wenzake wa miaka mingi, Jeter na Andy Pettitte, na Rivera akaangua kilio begani kwa Pettitte huku uwanja mzima umesimama. Sioni kama Rivera kubaki peke yake na namba 42 kulimpunguzia Robinson chochote. Kijana wa nchi nyingine, mtoto wa mvuvi, kuibeba namba ile kwa adabu miaka yote hiyo ni sehemu ya mlango uliofunguliwa mwaka 1947.

Tangu mwaka 2009, kila tarehe 15 Aprili, wachezaji wote wa ligi, makocha na waamuzi huvaa 42. Siku hiyo namba haimtambulishi mtu yeyote uwanjani, mrushaji na mpigaji wakitazamana wote 42.

Wapo wanaotaka heshima kama hiyo apewe Roberto Clemente wa Puerto Rico, aliyefariki katika ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi nchini Nicaragua. Pittsburgh Pirates waliistaafisha 21 yake mwaka 1973, lakini ligi nzima haijafanya hivyo. Wanaopinga husema 42 ibaki peke yake, kwa kuwa kilichomfikisha Robinson hapo ni zaidi ya ubora wa mchezo. Hoja hiyo ina uzito, ila hata Clemente hakufa akiwa anacheza besiboli.