Farasi jike akikaribia kuzaa: saa mkononi, mkasi mfukoni

Ng'ombe akipata shida ya kuzaa, mara nyingi daktari humwahi. Farasi hana subira hiyo. Chupa ikishapasuka, mtoto anatakiwa awe chini ndani ya nusu saa, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari mapema.

Mimba huchukua kama siku 340, lakini 320 au 365 si ajabu. Mimi huamini kiwele kuliko kalenda: hujaa wiki 2 hadi 4 kabla, kisha matone kama nta huganda kwenye chuchu. Hapo kwa kawaida zimebaki siku 1 au 2.

Wiki 4 hadi 6 kabla, arudiwe chanjo ya pepopunda ili kinga iingie kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza, maana mtoto wa farasi huzaliwa karibu bila kinga ya mama. Ahamie pia zizi atakalozalia, angalau mita 4 kwa 4. Tandika nyasi kavu. Vumbi la mbao hung'ang'ania kitovu kibichi.

Wengi huzaa usiku. Atahangaika, atatoka jasho, atalala na kuinuka. Chupa ikipasuka, tazama saa. Kinachotakiwa kutokea ni ngozi nyeupe inayong'aa, ndani yake miguu miwili ya mbele, mmoja umetangulia kidogo, nyayo zikitazama chini, pua juu ya magoti. Nyayo zikitazama juu, au ukiona mguu mmoja tu, mpigie daktari, na saisi (mtunza farasi) amsimamishe mama amtembeze ili apunguze kusukuma.

Ukiona mfuko mwekundu kama mahameli, usimngoje mtu. Ni kondo lililobanduka mapema, na mtoto anakosa hewa. Pasua kwa mkasi, mvute mtoto mama anaposukuma, kuelekea chini kwenye kwato za nyuma za mama.

Kitovu usikikate, kitakatika chenyewe. Kichovye kwenye klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya 0.5%. Ndani ya saa 1 mtoto asimame, ndani ya saa 2 anyonye, ndani ya saa 3 kondo litoke. Likining'inia usilivute: lifunge fundo asilikanyage, umwite daktari. Likitoka, litandaze sakafuni uone kama limetoka zima. Kipande kilichobaki tumboni huleta homa na kuharibu kwato, na kinachobaki mara nyingi ni ncha iliyokaa kwenye pembe ndogo ya mji wa mimba, ile isiyobeba mtoto.