Feli-sefu si valvu isiyoharibika

Hapa Mwanza neno feli-sefu linatamkwa kila penye bomba: kwenye viwanda vinavyogandisha minofu ya sangara kwa amonia, kwenye vinu vya mafuta ya pamba vyenye boila, hata kwenye mashine za barafu. Na karibu kila mara linatumika kumtuliza mtu. "Usiwe na wasiwasi kaka, ile valvu ni feli-sefu." Wengine wanamaanisha kwamba haiharibiki. Wengine wanamaanisha kwamba gesi ikizidi, itajifyatua yenyewe. Maana zote mbili si sahihi, na kwenye chumba chenye amonia kosa hilo linaweza kumgharimu mtu macho au mapafu.

Maana yenyewe ni fupi. Valvu ya feli-sefu ni ile ambayo ikikosa kinachoiendesha, yaani umeme au upepo wa kompresa, inarudi mahali palipochaguliwa tangu mtambo unachorwa. Mara nyingi kinachoirudisha ni springi. Upepo unaingia chini ya kiwambo cha mpira, unaikandamiza springi iliyo juu yake, mti wa valvu, yaani fimbo inayofungua na kufunga njia, unapanda na njia inafunguka. Koili ndogo ya umeme ndiyo inayoruhusu upepo huo ukae ndani. Kata umeme wa koili: upepo unachomoka kwenye tundu la pembeni kwa mlio mkali, springi inajinyoosha, mti unashuka, njia imefungwa.

Ndiyo maana kitufe chekundu cha dharura, kwenye mfumo uliopangwa hivi, hakipeleki umeme kwenye valvu, kinauondoa. Moto ukiunguza waya, mrija wa upepo ukipasuka, umeme wa mtaa mzima ukikatika, valvu inafanya kilekile ambacho kitufe kingeifanya ifanye. Dereva yeyote wa lori analijua jambo hili kwa mwili wake: upepo ukivuja wote, breki za springi zinakamata na gari haliendi. George Westinghouse aliutumia mpango huo kwenye breki za treni mwaka 1872. Upepo ndani ya bomba ndio uliozuia breki zisikamate, kwa hiyo mabehewa yakikatika, pande zote mbili zinasimama.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi. Watu wengi wanadhani feli-sefu maana yake ni kufunga. Hapana. Valvu ya mafuta yanayokwenda kwenye jiko la boila lazima ifunge, hilo halina ubishi. Lakini ile inayopitisha maji ya kupoza kitu kinachoendelea kutoa joto, ukiifunga wakati wa dharura umeongeza dharura ya pili. Hiyo inapaswa kubaki wazi: springi inawekwa upande wa pili, na upepo ndio unaoifunga. Zipo pia zinazoachwa zibaki pale zilipokuwa. Kwa hiyo usalama haumo ndani ya chuma. Umo kwenye swali kwamba kinachopita ndani ya bomba kikisimama ghafla, au kikiendelea kupita, nani ataumia?

Na jibu linaweza kuwa sahihi kwa ajali moja na baya kwa nyingine. Huko Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011, kinu cha nyuklia namba 1 kilikuwa na mfumo wa kupoza usiohitaji pampu. Valvu zake zilipangwa zipewe amri ya kufunga endapo umeme wa saketi inayochunguza kupasuka kwa bomba utakosekana, maana waliopanga waliogopa bomba kupasuka na mvuke kuvuja nje. Siku ile bomba halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa maji ya tsunami yaliyozima umeme, saketi ikatoa amri ya kufunga kama ilivyopangwa, na kinu kikapoteza upozaji wake saa ambayo kiliuhitaji kuliko wakati wowote.

Kuhusu ile ya kujifyatua, jina lake ni valvu ya usalama, nayo ni kitu kingine kabisa. Hiyo haisubiri umeme wala upepo. Inasukumwa na presha yenyewe ya ndani ya chombo, ikishuka inajifunga. Boila inaihitaji hata kama valvu nyingine zote ni feli-sefu. Moja haichukui nafasi ya mwenzake, na anayeziita kwa jina moja atakuja kuagiza moja akidhani amepata zote mbili.

Kwenye mitambo ya amonia kuna valvu ndogo ambayo ningependa kila kijana anayeanza kazi aonyeshwe kabla ya kitu kingine. Mafuta ya kompresa ni mazito kuliko amonia iliyo katika hali ya kimiminika, hivyo yanatulia chini ya tangi na yanapaswa kumwagwa kila baada ya muda. Valvu ya kumwagia ina mkono wenye springi: unaushikilia mafuta yanapotoka, ukiuachia inafunga. Mafuta yakiisha, kinachofuata ni amonia, ambayo kwenye hewa ya kawaida inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Mtu akipigwa na ule moshi hafikirii valvu, anakimbia. Na kwa kuwa ameuachia mkono, valvu imeshafunga. Nimeona mkono kama huo umefungwa kwa waya ili fundi akafanye kazi nyingine wakati mafuta yanatoka. Valvu ni ileile, imenunuliwa kwa bei ileile, lakini waya umeshaufuta usalama wote.

Springi nayo inaweza kushindwa. Valvu iliyokaa wazi miezi mingi bila kuguswa inashika kutu, na siku ya siku upepo unatoka lakini mti haushuki. Kule kwenye kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, valvu iliyopaswa kujifunga pale umeme ulipoondolewa kwenye koili ilikwama wazi. Taa kwenye chumba cha udhibiti ilizimika, wahudumu wakaamini imefunga. Taa ile ilikuwa inaonyesha umeme wa koili, si mahali valvu ilipo, na maji ya kupoza kinu yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili.

Kwa hiyo, ndugu zangu mafundi, mnapokabidhiana zamu msiishie kwenye "hii ni feli-sefu." Semeni "hii inafunga ikikosa upepo," au "hii inafunguka ikikosa umeme," na mtaje siku ya mwisho mlipoiona kwa macho ikifanya hivyo.