"Ukiwapa Pesa Wataziponda": Dhana Potofu Kuhusu Misaada kwa Akina Mama wa Mitaa ya Mabanda

Kila mfadhili mgeni na kila kikundi cha kanisa kinachotaka kusaidia Mukuru au Korogocho, mitaa ya mabanda ya Nairobi, huniuliza swali lile lile: akina mama wakipewa pesa mkononi, si zitaishia kwenye chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji? Afadhali tuwapelekee unga. Nimechoka kulijibu kwa upole.

Jambo hili lilishapimwa. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kwa jumla, watu wakipewa pesa matumizi ya pombe na tumbaku hayapandi, pengine hushuka. Hapa Nairobi, bei ya vyakula ilipopaa, mashirika ya misaada ya Oxfam na Concern Worldwide yalizitumia kaya maskini za Mukuru na Korogocho shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia M-Pesa. Hiyo ni 2009. Pesa zilikwenda kwenye chakula kwanza. Zingekwenda wapi? Mama anayeamka alfajiri kungoja kibarua cha kufua anajua kila shilingi inakoelekea: kodi, mkaa, maji, choo cha kulipia, deni la dukani. Unga haulipi kodi. Mletee mama huyo unga wakati mwenye nyumba yuko mlangoni akidai kodi, na mama atauuza kwa hasara, nawe utamwita asiye na shukrani. Tuma pesa, tena kabla ya tarehe 5, kodi inapodaiwa, kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Na tafadhali, usimwite semina saa mbili asubuhi. Unamkosesha kibarua cha siku nzima kisha unaandika kwenye ripoti kwamba umemwinua!

"Basi apewe mkopo, biashara itamtoa." Wachumi Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao waliufuatilia mkopo mdogo katika mitaa duni ya Hyderabad, India. Waliokuwa na biashara tayari waliipanua kidogo, ila matumizi ya kaya kwa jumla hayakupanda, wala kauli ya mwanamke nyumbani haikuongezeka. Akina mama wengi ninaoongea nao wanataka mshahara wa uhakika. Kibanda cha kumi cha sukumawiki kwenye kichochoro kimoja kitamuuzia nani?

"Kule wanaishi bure." Wengi ni wapangaji, na lita ya maji ya mtungi huwagharimu zaidi kuliko lita ya bomba la mtaa wa matajiri. Kabla hujaandika bajeti ya mradi, uliza mtungi wa lita 20 unauzwaje wiki ambayo maji yamekatika.