Nyumba Bila Kiyoyozi: Yanayosemwa na Yalivyo

"Dirisha likiwa kubwa, hewa itapita."
Hewa haiingii kama haina pa kutokea. Madirisha mawili madogo yanayotazamana hulishinda moja kubwa lililo peke yake. Halafu haya ya aluminiamu ya kuslaidi: unalipia zima, linafunguka nusu, na wavu wa mbu unapunguza hata hiyo nusu. Luva za zamani tulizozidharau zilifunguka karibu zote.

"Ukuta mnene hupooza nyumba popote."
Dodoma, sawa. Usiku kunapoa, unafungua madirisha, ukuta unapoa nao. Asubuhi unafunga, na ubaridi ule unakufikisha alasiri. Dar es Salaam mwezi Februari hata usiku joto mara nyingi hubaki karibu nyuzi 25, kwa hiyo ukuta haupati nafasi ya kupoa. Tofali za saruji upande wa magharibi hunywa jua la jioni lote. Ziguse kwa ndani saa mbili usiku: bado za moto, na kitanda kimeegemezwa hapohapo! Pwani kinachookoa ni kivuli na upepo unaopita mwilini. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zina kuta nene, lakini zina pia ua wa ndani na vichochoro vyembamba vinavyotiliana kivuli.

"Nyumba itazame barabara, basi."
Hapa ndipo wengi hujipatia joto la maisha. Dar jua la adhuhuri huwa utosini mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Juni liko kaskazini, Desemba kusini, nyakati zote juu kiasi kwamba upenu mzuri unalizuia. La asubuhi na jioni huja chini, linapita chini ya upenu. Kwa hiyo pande ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, ambako pepo za kaskazi na kusi nazo zitaingia. Magharibi wekeni stoo na choo. Kiwanja chembamba? Pandeni mti.

Makete kwenye baridi, mwelekeo ni huohuo kwa sababu nyingine: dirisha la kaskazini, upenu usipolizuia jua, hulileta sebuleni Juni na Julai.

"Feni hupooza chumba."
Hupooza mtu. Ukitoka, zima.

"Bati ni bati."
La rangi hafifu hurudisha jua, jeusi hulimeza. Juu ya silingibodi acheni matundu hewa ya moto itoke. Mafundi wengi huyaziba kwa kuogopa popo, wakati wavu wa chuma ungetosha.